Seva ya nyumbani haipatikani kutoka nje umeme unaporudi: leo dakika chache, kesho karibu saa nzima

mkazi_BelAir aliandika:

Ndugu zangu wapenda seva za nyumbani, ninaomba mnisaidie kufikiri, kwa sababu tatizo hili nimelizunguka pande zote na bado sijaona linapoingilia.

Nyumbani kwetu Bel-Air nina kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 inayowaka kutoka kwenye diski ya SSD, wala si kadi ya kumbukumbu. Inatunza picha za familia, rekodi za mazoezi ya kwaya ya parokia, na nakala ya Wikipedia inayosomwa kwa programu ya Kiwix, ambayo watoto wa majirani huja kuitumia jioni kwa simu zao kupitia Wi-Fi ya nyumbani bila kununua vifurushi. Mfumo ni ule wa Raspberry Pi uliojengwa juu ya Debian 11, na saa yake inasawazishwa na chrony. Intaneti ninaipata kwa ruta ya 4G yenye laini ya simu, kwa hiyo sina anwani ya umma: anwani ambayo ruta inajionea kwa upande wa nje inaanza na 100.72, yaani imo katika lile fungu la 100.64.0.0/10 lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya makampuni yanayowapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hakuna namna ya kumfungulia mtu mlango kutoka nje. Ili dada yangu aliyeko Ubelgiji aweze kuona picha, nimekodi seva ndogo Ufaransa. Huko nginx inapokea wageni na kuwapitisha hadi nyumbani kwa handaki la WireGuard, programu inayounganisha kompyuta mbili kwa njia ya siri kupitia intaneti. Upande wa nyumbani nimeweka PersistentKeepalive = 25, yaani pakiti ndogo kila sekunde 25, ili ruta ya kampuni ya simu isisahau njia.

Mpangilio huu unatulia vizuri mpaka umeme ukatike. Kukatika kwenyewe nimekuzoea, kama tulivyokuzoea sote hapa Lubumbashi. Kinachonitatiza ni yale yanayofuata umeme ukirudi. Kompyuta inawaka, na baada ya dakika mbili hivi Kiwix na picha zinapatikana kwa mtu yeyote aliye ndani ya nyumba. Simu zetu, kupitia ruta ileile, zinaingia kwenye intaneti bila shida. Lakini handaki halifunguki, na dada yangu anaona ukurasa wa kosa la 504, yaani nginx imengoja jibu la nyumbani bila kulipata. Kisha, bila mimi kugusa chochote, handaki linafunguka lenyewe: siku nyingine baada ya dakika chache tu, siku nyingine baada ya karibu saa nzima. Sijaona uhusiano wowote na urefu wa giza, kwani umeme ukikosekana usiku kucha handaki linaweza kurudi upesi kuliko ulipokatika kwa robo saa.

Mambo mawili zaidi ambayo huenda yakawasaidia. Kwanza, nikiwasha upya WireGuard kwenye kompyuta ya nyumbani wakati handaki limegoma, hakuna kinachobadilika. Nikiiwasha upya kwenye seva ya Ufaransa, handaki linafunguka papo hapo. Kwa sababu hiyo niliwaandikia wenye seva, nao wakajibu kwamba mtandao wao ni mzima. Pili, wakati wa mgomo huo kompyuta ya nyumbani haiwezi kufika popote nje, lakini hilo ni kwa sababu nimeelekeza safari zake zote zipite handakini kwa AllowedIPs = 0.0.0.0/0, sipendi kampuni ya simu ijue kila jina ambalo kompyuta yangu inaliuliza.

Je, kuna aliyewahi kuona handaki linalogoma kwa muda usiotabirika namna hii?

fundi_Katuba alijibu:

Ndugu, kabla ya kwenda mbali hadi Ufaransa, anza na waya unaoingia kwenye kompyuta yako. Hapa mjini umeme haurudi kwa adabu. Mara nyingi unarudi ukiwa mdogo, kwa sababu kila friji na kila jiko la mtaa mzima linauvuta kwa wakati mmoja, kisha unapanda ghafla, na katika miezi ya mvua unaongeza na radi juu yake. Raspberry Pi inataka volti 5 kamili. Ikishuka chini ya volti 4.63 inaanza kulalamika kimyakimya na kujipunguza mwendo, na SSD inayokula kutoka kwenye tundu la USB inakuwa ya kwanza kuumia. Andika amri ya vcgencmd get_throttled. Ukiona 0x0, umesalimika. Ukiona 0x50000, ujue kwamba tangu iwashwe imewahi kukosa nguvu na kupunguzwa mwendo.

Dawa yake mimi ninaijua moja. Usiweke inveta. Watu wananunua inveta inayogeuza volti 12 za betri kuwa 220, kisha wanachomeka chaja inayozirudisha kuwa 5, na kila mgeuzo unakula sehemu yake hata kompyuta ikiwa imelala. Nunua kipunguza volti cha kutoka 12 hadi 5 chenye uwezo wa ampea 3 au zaidi, uiunganishe kompyuta moja kwa moja na betri. Ruta nyingi za 4G zenyewe zinatumia volti 12, kwa hiyo nazo zinaingia palepale, mradi usome kwanza kibandiko kilicho nyuma yake, kwa kuwa betri inayochajiwa inapanda hadi volti 14 na zaidi. Kompyuta yako pamoja na SSD tuseme inakula wati 8. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, ile inayofungwa ndani ya vifaa vya kuhifadhi umeme wa ofisini, ina wati-saa 84. Kwa kuwa betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, hesabu 42, yaani saa tano. Ukipata ya ampea-saa 100 unakaa siku tatu bila kuwaza.

Umeme usipokatika kwenye kompyuta, hutakuwa na swali la kuuliza.

mama_Kamalondo alijibu:

Mimi nina swali la awali zaidi. Kwa nini picha za nyumbani Bel-Air zizungukie Ufaransa? Kama ni dada mmoja tu, mwekee Syncthing kwenye simu yake. Programu hiyo inapita yenyewe nyuma ya anwani za namna yako, na isipopata njia ya moja kwa moja inatumia vituo vya kupokezana. Hulipii seva kila mwezi, na umeme ukikatika yeye anabaki na picha zake mkononi.

mkazi_BelAir aliandika:

Asanteni sana, papa fundi na mama.

Papa fundi, nimeiandika hiyo amri mara baada ya umeme kurudi, handaki likiwa bado limegoma, nayo imetoa 0x0. Shauri la betri ninalipokea kwa mikono miwili, na hesabu yako nimeinakili, lakini ningependa kwanza kuuelewa ugonjwa, kwa sababu hata betri kuna siku itaisha.

Mama, uliyosema juu ya Syncthing ni kweli kwa mtu anayependa mambo haya. Dada yangu hataki kuwekewa kitu. Anataka kiungo anachokibonyeza, na wajomba nao vilevile. Wala si picha peke yake, kwani wanakwaya wanasikiliza rekodi zao kwa njia hiyohiyo wakiwa Likasi na Kolwezi, na wengine wana simu zisizo na nafasi hata ya wimbo mmoja.

redio_Kipushi alijibu:

Ndugu wa Bel-Air, umetoa ushahidi mzuri kuliko unavyodhani. Kabla sijasema ninachokishuku, nijibu mambo matatu. Handaki likiwa limegoma, sikiliza kwa tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, kwenye seva ya Ufaransa, mlango wa UDP 51820 ambao WireGuard inautumia: pakiti kutoka nyumbani zinafika au hazifiki? Wakati huohuo andika amri ya date kwenye kompyuta ya nyumbani, ulinganishe na saa ya simu yako. Na je, unayo kumbukumbu ya dakika ambazo umeme ulikatika? Sihitaji tarehe, ninahitaji dakika.

mkazi_BelAir aliandika:

Umeme umenisaidia kukujibu upesi, kwani jana jioni ulikatika tena.

Pakiti zinafika. Kila baada ya sekunde tano hivi inaingia moja ya baiti 148, na seva ya Ufaransa haijibu neno. Sikutegemea hilo, nilidhani kampuni ya simu ndiyo inayozizuia njiani.

Amri ya date imeonyesha saa iliyo nyuma. Simu ilikuwa inasema 21:34, kompyuta ikasema 20:21.

Kuhusu dakika, ipo hati ndogo kwenye seva ya Ufaransa inayoandika kila dakika kama handaki linajibu, kwa hiyo ninaweza kusoma ni lini nyumba ilizimika. Na muda wa kusubiri, tangu kompyuta kuwaka hadi handaki kufunguka, ninao kwa kukadiria tu. Hii ni mifano ya karibuni. Umeme ulikatika 18:22, na handaki lilisubiri kama dakika tano. Ulikatika 06:41, likasubiri dakika 25 hivi. Ulikatika 20:09, likasubiri zaidi ya dakika 50. Jana ulikatika 20:58, na tangu kompyuta iwake mpaka handaki lifunguke zilipita dakika 40 hivi.

redio_Kipushi alijibu:

Basi tumempata. Kompyuta yako inaishi katika wakati uliopita, na seva ya Ufaransa inamkataa mtu anayekuja na saa ya zamani. Niruhusu nieleze polepole, kwa sababu ndani yake kuna mambo matatu ambayo kila moja peke yake halina madhara.

La kwanza ni kwamba Raspberry Pi 4, kama zilizotangulia, haina saa yenye betri. Kompyuta ya mezani ina ile betri ndogo ya duara kwenye ubao wake, inayohesabu sekunde hata ikichomolewa ukutani. Pi haina, na ni Pi 5 ya mwaka 2023 ndiyo iliyoletewa saa hiyo, nayo betri yake inanunuliwa kando. Ili isiamke ikidhani ni mwaka 1970, mfumo unatumia programu ndogo iitwayo fake-hwclock, ambayo inaandika wakati wa sasa kwenye faili, kisha inausoma wakati wa kuwaka. Inaandika unapoizima kompyuta kwa utaratibu, na pia inaandika kila saa. Umeme ukikatika hakuna utaratibu, kwa hiyo kinachobaki ni kile kilichoandikwa katika zamu ya mwisho. Na katika Debian, kazi za kila saa zinafanyika dakika ya 17. Tazama faili ya /etc/crontab utaiona namba hiyo.

Sasa rudi kwenye mifano yako. Umeme ukikatika 18:22, wakati ulioandikwa ni 18:17, na kompyuta itakapoamka, iwe baada ya robo saa au kesho yake asubuhi, itaanza kuhesabu kutoka 18:17. Ukikatika 20:09, itaanza kutoka 19:17. Sasa toa: tano, hamsini na mbili. Kwa 06:41 ni ishirini na nne, na kwa jana ni arobaini na moja. Hizo ndizo dakika ulizosubiri. Ndiyo maana urefu wa giza haukuwa na neno lolote katika jambo hili. Kinachoamua ni umbali kati ya dakika ya 17 na dakika umeme ulipokatika. Na ndiyo maana jana, ukiwa na simu inayosema 21:34, kompyuta ilikuwa 20:21: ilikuwa na dakika nne tu tangu iamke.

La pili ni tabia ya WireGuard yenyewe. Anayetaka kufungua handaki anatuma pakiti ya salamu, ile uliyoiona yenye baiti 148, na ndani yake, kwa siri, kuna muhuri wa wakati wa baiti 12: nane za sekunde na nne za sehemu ndogo za sekunde. Anayepokea anakumbuka muhuri mkubwa zaidi aliowahi kuupata kutoka kwa ufunguo huo, na salamu yoyote yenye muhuri usiozidi huo anaitupa bila kujibu. Amefanya hivyo kwa makusudi, ili mtu aliyeinasa salamu yako ya jana asiweze kuirusha tena leo na kuvuruga handaki lako. Handaki likiwa linafanya kazi, salamu mpya hutumwa kila dakika mbili hivi. Kwa hiyo Ufaransa wana muhuri wako wa 20:57, nawe unawabishia hodi na muhuri wa 20:17. Kwao wewe ni mwizi wa pakiti. Wanakunyamazia mpaka saa yako yenyewe itambae kuvuka 20:57, na hapo wanakufungulia bila kinyongo. Kumbukumbu hiyo ya muhuri imo ndani ya RAM tu, haiandikwi kwenye diski, na ndiyo sababu kuiwasha upya WireGuard ya Ufaransa kulikuwa kunaponya papo hapo, na kuiwasha upya ya nyumbani hakusaidii kitu. Waliokukodishia seva walisema kweli.

La tatu ndilo linalofunga mlango. Kwa kawaida chrony ingeuliza saa kwenye intaneti na kurekebisha kila kitu ndani ya nusu dakika, na usingejua kamwe kwamba kulikuwa na tatizo. Lakini safari zote za kompyuta yako zinapita handakini, pamoja na hiyo ya kuuliza saa. Handaki linasubiri saa, na saa inasubiri handaki. Simu zenu zinapita kwa sababu haziko ndani ya mkataba huo.

Njia za kutoka ziko kadhaa, nami nitakuambia ninayoipendelea. Wageni wako wanapokewa na nginx ya Ufaransa, kwa hiyo kompyuta ya nyumbani haimwoni mtu mwingine yeyote handakini isipokuwa anwani ya ndani ya seva hiyo. Ukiandika AllowedIPs yenye anwani hiyo moja tu, kwa mfano 10.8.0.1/32, picha na rekodi zitaendelea kama kawaida, na chrony itatoka moja kwa moja kupitia ruta. Unachokipoteza ni ule usiri wa majina, na huo unaweza kuurudisha kwa kuelekeza maswali ya majina peke yake handakini, kwenye anwani hiyohiyo. Hapo uangalie jambo moja: chrony ya Debian inatafuta seva za saa kwa majina, na majina yakiwa handakini umerudi kwenye fundo lilelile. Mpe seva moja kwa namba. Ile ya Cloudflare inapatikana kwa 162.159.200.1, na kwa Google ipo 216.239.35.0, chagua moja tu, usizichanganye, kwa sababu ya Google ina namna yake ya kuigawa ile sekunde inayoongezwa mara chache kwenye saa ya dunia, na wenyewe wanaonya isichanganywe na za wengine.

Ikiwa bado unataka kila kitu kipite handakini, acha 0.0.0.0/0 ilivyo, kisha ongeza njia ya pekee kwa anwani ya seva ya saa kupitia ruta yako. Hati ya wg-quick, ile inayofungua handaki, imetengenezwa kuheshimu njia mahususi zilizomo kwenye jedwali kuu la njia, kwa hiyo haitakupinga. Wapo pia wanaoiagiza wg-quick isubiri amri ya chronyc waitsync, inayongoja mpaka saa isawazishwe, kabla ya kufungua handaki. Inafaa, lakini uiwekee kikomo, la sivyo siku intaneti ikikosekana kabisa kompyuta itasubiri bila mwisho.

fundi_Katuba alijibu:

Nimesoma mara mbili, na ninakubali kwamba hapa umeme hauna hatia, jambo ambalo silisemi mara nyingi. Hata hivyo betri ingemponya.

redio_Kipushi alijibu:

Betri ingeuficha ugonjwa, papa, mpaka siku ile giza litakapoizidi betri. Na siku hiyo mwenyewe atakuwa safarini Kolwezi, hana wa kumwashia seva ya Ufaransa. Mimi ningefanya vyote viwili, nikianza na saa, kwa sababu hata kijibao cha saa yenye betri ni bei ya chakula cha mchana na betri ya ampea-saa 100 ni mshahara.

Tena kuna madhara mengine ya saa ya nyuma ambayo ndugu yetu hajayaona kwa sababu giza lake ni la saa chache. Kompyuta iliyolala juma zima itaamka ikiwa juma zima nyuma. Vyeti vya usalama vya Let's Encrypt vinadumu siku 90 na vinabadilishwa kabla ya muda wao, kwa hiyo inaweza kukutana na cheti kipya ambacho kwa saa yake hakijaanza kutumika, ikakataa kuongea na tovuti iliyo nzima kabisa. Nakala rudufu nazo zinaandikwa tarehe za uongo. Niliwahi kusaidia mahali ambapo mafaili ya Jumatano yalionekana ya zamani kuliko ya Jumatatu, na programu ya kunakili ikayaruka kwa utiifu wote.

mkazi_BelAir aliandika:

Papa Kipushi, ninakushukuru kwa moyo wote. Nimechagua njia yako ya pili, kwa kuwa usiri wa majina bado ninautaka: 0.0.0.0/0 imebaki, nimemwekea chrony 162.159.200.1 kwa namba, na nimeongeza njia ya anwani hiyo kupitia ruta. Sikungoja mgao, nilichomoa waya mwenyewe ilipofika dakika ya 10 ya saa, penye kusubiri kurefu, nikauchomeka tena. Handaki limefunguka mara tu ruta ilipopata mtandao wa simu. Katika kumbukumbu za mfumo mstari mmoja una wakati wa 15:18, na unaofuata unaruka hadi 16:14.

Limebaki swali moja. Ningependa pia kuwa na saa yenye betri, kwa ajili ya zile siku ambazo umeme upo na intaneti ya simu haipo. Mfanyabiashara mmoja wa mjini kati anayeleta vifaa kutoka Dubai ananiuzia kijibao chenye maandishi ya DS3231, na betri ya CR2032 iko ndani yake tayari. Je, nichukue?

fundi_Katuba alijibu:

Angalia sana hapo. Kuna vijibao vya bluu vilivyoandikwa ZS-042 ambavyo vina njia ya kuchaji betri, iliyokusudiwa betri za LIR2032 zinazochajika. CR2032 haichajiki, na ukiisukumia umeme inavimba, hata inaweza kuvuja. Mafundi wengi wanang'oa kile kikinza kidogo kilicho karibu na diodi, ili njia hiyo ife. Mimi ningekung'olea bure, ukipita Katuba.

redio_Kipushi alijibu:

Onyo la papa fundi ni sahihi kwa anayekitumia kijibao hicho kwa volti 5, kama wanavyofanya wengi wenye Arduino. Kwenye Raspberry Pi utakichomeka kwenye volti 3.3, yaani pini ya 1, wala si ya 2 wala ya 4. Ukitoa kile kinachopotea kwenye diodi zinabaki volti 2.7 hivi, ambazo hazitoshi kuisukuma betri yenye volti 3. Kwa hiyo hakitaichaji. Kung'oa kikinza si vibaya, na ukikipeleka Katuba utakuwa umejikinga na siku utakapokihamishia kwenye kifaa kingine.

Pini nyingine ni ya 3 kwa SDA (waya wa data), ya 5 kwa SCL (waya wa mapigo), na ya 9 kwa ardhi. Katika faili ya /boot/config.txt ongeza mstari wa dtoverlay=i2c-rtc,ds3231, uiondoe fake-hwclock kabisa ili zisigombanie saa, uwashe upya, kisha subiri mpaka chronyc tracking ikuonyeshe kwamba saa imeshasawazishwa, ndipo uandike hwclock -w ili kijibao kiupokee wakati sahihi. DS3231 halisi inakosea kwa sehemu mbili katika milioni, yaani kama dakika moja kwa mwaka. Lakini masoko yamejaa za bandia, kwa hiyo mwambie mfanyabiashara utakirudisha: kiache siku mbili bila umeme wala intaneti, na ukikuta kimechelewa kwa sekunde nyingi badala ya chini ya moja, akupe kingine.

mama_Kamalondo alijibu:

Na mimi niiwekee kompyuta yangu kijibao hicho, ijapokuwa sina handaki lolote? Yangu inatunza nakala rudufu za duka, na zile tarehe za Jumatano na Jumatatu zimenitisha.

redio_Kipushi alijibu:

Iwekee, mama. Na leo, kabla hata ya kukinunua, tazama tarehe za nakala za mwezi uliopita, uzilinganishe na siku umeme ulipokatika kwako. Ukiona siku mbili zimeandikwa kwa tarehe moja, usifute chochote, tuletee hapa majina ya mafaili yenyewe.